Mama Picha Aliyeahidi Rangi Mbali na Macho ya Wanaume

Adhana ya alasiri imekwisha, na wanaume wote wa nyumba hii ya Kuze, Mji wa Kale, wameshatolewa nje. Hata mwenye nyumba yuko barazani na wageni wake, anakunywa kahawa na kungoja aitwe. Mlango umetiwa komeo. Ndani, mabuibui yametundikwa msururu ukutani, na ukumbi umejaa wanawake waliovaa kila rangi iliyowahi kuuzwa Biashara Street.

Katikati yao anapita mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye kamera mbili shingoni. Kabla ya kuinua hata moja anasimama na kutangaza kama mnadi: "Picha jamani! Asiyetaka ajifunike!"

Upande mmoja wa ukumbi mitandio inapanda haraka. Upande wa pili wanawake wanajiweka sawa na kuvuta vikuba, yale mashada ya asumini ya kifuani, vionekane. Bibi mmoja anamwambia jirani yake, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba wanaojifunika ni wale ambao nguo zao zimechelewa kwa fundi. Kicheko kinazuka. Mbodze Kitsao anangoja kicheko kifike katikati, kisha anabonyeza.

Huyo ndiye Mama Picha. Ana umri wa miaka arobaini na minne, Mgiriama mzaliwa wa Kaloleni, Mkristo anayeimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa lake. Ni mmoja wa watu wachache wanaoingia na kamera katika harusi za ndani za Mji wa Kale. Kamera ya kulia ina filamu ya rangi. Ya kushoto ina filamu nyeusi-nyeupe. Leo ya kushoto inapumzika karibu muda wote, na jambo hilo ni geni kwake kuliko kwa mtu yeyote humu ukumbini.

"Mwanamke wa kupiga picha atapatikana," anasema Bi Shekue, nyanya yake bibi harusi, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika nyumba hii. "Lakini picha haikwishi kwa kupigwa. Husafishwa. Na husafishwa na nani? Hapo ndipo penye mwiba."

Mwiba wenyewe ni huu. Mwaka huu wa 1995 picha za rangi husafishwa madukani kwa mashine kubwa, na mafundi wa mashine hizo ni wanaume. Filamu ikiingia, picha huteremka moja moja mbele ya macho ya fundi, naye lazima azitazame ajue kama rangi imekaa. Wanawake waliovua mabuibui wakijua wako peke yao wanatazamwa na mtu asiyewahusu.

Ndiyo maana kwa miaka mingi familia nyingi za hapa zimeridhika na picha nyeusi-nyeupe za Mbodze. Hizo huzisafisha mwenyewe katika chumba chake cha giza, nyuma ya duka la leso Biashara Street. Akimaliza hutia picha na filamu yake katika bahasha moja, akaifunga, akaipeleka kwa mkono wake.

"Sibaki na kitu," anasema. "Hata kipande kilichoharibika nawapelekea. Ni amana, na amana ina mwenyewe."

Thuweba, bibi harusi, ndiye aliyelivunja zoea hilo. Ni msichana wa miaka ishirini na miwili, mcheshi, asiyekubali jibu la kwanza. Alisema hakukaa siku mbili akichorwa hina, mkono hauli wala haujikuni, ili mwishowe atoke kijivu kama paka wa sokoni. Nyanya yake alimweleza kwamba rangi ni ya mashine na mashine ni ya waume. Thuweba akajibu kwamba, basi, Mama Picha na ajifunze.

Mbodze alikuwa pale pale mkekani, kikombe cha chai mkononi. Wote wakamgeukia.

"Nilisema ndiyo kabla sijafikiri," anakumbuka, na mabega yanamtikisika kwa kicheko. "Halafu nikaongeza Mungu akipenda, nipate pa kushikilia."

Ahadi ikawa hivyo: picha za rangi, zilizosafishwa kwa mkono wake na si wa mwingine, zifike kwa Thuweba kabla hajapanda ndege kumfuata mumewe Maskati, Jumamosi ya wiki inayofuata harusi. Hapakuandikwa kitu wala hapakutajwa adhabu. Lakini Mbodze anaujua Mji wa Kale.

"Hapa hawagombi na mtu," anasema. "Ukivunja neno watakwambia ahsante, watakupa na chai. Harusi inayofuata hutaitwa. Na mlango mmoja ukifungwa, yote imefungwa."

Kwake hilo si jambo dogo. Picha nne za kitambulisho anatoza shilingi mia, na wateja wa vitambulisho huja kwa msimu. Kilichomsomeshea watoto watatu ni harusi.

Kazi hii aliianza akiwa na miaka kumi na minane, alipokuja mjini kufagia studio ya Mzee Gunga, Mwembe Tayari. Mzee alipoona msichana anafagia akiwa amegeuza shingo kutazama picha zinazokauka kwenye kamba, alimwambia aache ufagio au aache kutazama, maana uchafu unabaki. Akaacha ufagio.

Mzee Gunga, ambaye sasa amestaafu kwao Rabai, alimfundisha kila kitu cha nyeusi-nyeupe na kumkataza rangi kabisa. Alikuwa akisema rangi ni pilipili: ukiizoea, chakula kingine hukisikii utamu. Mpiga picha aliyeonja rangi, kwa maoni yake, hawezi tena kukiona kivuli.

Kwa upande wa pili yuko Joab, fundi wa mashine katika duka moja la picha za rangi mjini. Ametoka bara, Vihiga, na huimba besi katika kwaya moja na Mbodze. Yeye huamini kinyume chake: aliyezaliwa na nyeusi-nyeupe haioni rangi hata ukimpaka nayo usoni.

"Wewe unaona kivuli, Dada," Joab alimwambia siku ya kwanza. "Kivuli chenyewe kina rangi yake, na hiyo huioni."

Kwa hiyo mabingwa wawili walikuwa wamekubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba mtu mmoja hawezi zote mbili. Hata hivyo Joab alikubali kumfundisha, baada ya mazoezi ya kwaya, kwa sharti la chapati. Alimtafutia dawa na karatasi za rangi kutoka Nairobi, na vioo vya rangi tatu vya kuweka juu ya mashine yake ya kukuzia picha.

Tofauti ya kwanza ilikuwa ya joto. Mombasa, asafishaye nyeusi-nyeupe hupigana na jua. Dawa hupata joto upesi, na Mbodze amezoea kununua barafu na kuizungushia chupa. Rangi ilitaka karai la maji ya moto, na yasipoe. "Huyu mwenzangu wa zamani ni mnywaji wa maji baridi," anasema. "Huyu mgeni ni wa chai."

Tofauti ya pili ilimchukua muda zaidi, nayo ni ya macho. Picha zake za mazoezi zilitoka na nyuso za kijani, naye hakujua ukijani umeingilia wapi. Joab alimwonyesha kwamba mtu akiketi kando ya leso ya kijani, shavu lake la upande huo huwa kijani kweli. Mbodze alitazama akaona shavu tu.

Ikawa asubuhi moja yuko Feri, anangoja kuvuka kwenda Likoni. Mbele yake alisimama karani mwenye shati jeupe, na kando ya karani mwanamke aliyebeba karai la plastiki la manjano. Mbodze akaona mkono wa shati lile umekuwa manjano, si kwa uchafu, ni kwa karai. Mwanamke aliposogea, manjano ikasogea naye. Akageuka huku na huku: kwapa la mtu la samawati, kidevu cha mtoto chekundu kwa sababu ya fulana yake.

"Nilicheka peke yangu mpaka watu wakanipisha," anasema. "Walidhani nimepandwa na kitu. Kumbe Mungu ameimwaga rangi kila mahali, mimi miaka yote naikanyaga."

Tangu siku hiyo mazoezi yakaenda. Harusi ilipofika alikuwa amebakiza boksi moja la karatasi za rangi, hajalifungua, ameliweka kwa ajili ya Thuweba.

Tofauti ya tatu ndiyo iliyokuja kumponza. Karatasi ya nyeusi-nyeupe haiogopi taa nyekundu, na chumba cha giza cha Mbodze kina taa hiyo ukutani, kando ya mlango. Karatasi ya rangi huogopa kila taa. Hiyo hufanyiwa kazi gizani tititi, kwa kupapasa, mpaka iingie ndani ya bomba lililofungwa. Joab alimwonya mapema, naye Mbodze akaling'oa globu la taa nyekundu, akaliweka juu ya rafu.

Jumamosi baada ya harusi alisafisha filamu, ikatoka safi. Jumatatu wakaja wanafunzi wanaotaka picha za fomu za mtihani. Hizo ni nyeusi-nyeupe. Globu likarudi mahali pake.

Jumanne asubuhi aliufunga mlango, akaomba kama kawaida yake, akaanza kuimba polepole wimbo wa Jumapili. Alilifungua lile boksi, akazitoa karatasi zote katika mfuko wake mweusi, akazilaza mezani. Mkono wa kushoto ukaenda wenyewe ukutani, kama ulivyokwenda kwa miaka ishirini na zaidi, ukawasha.

"Niliziona karatasi zote," anasema. "Nyekundu, nzuri, zimelala kama mikate. Niliendelea kuimba mstari mzima kabla moyo haujaniambia kwamba sikupaswa kuziona."

Alijaribu picha moja hata hivyo. Thuweba alitoka wa samawati toka utosini hadi miguuni, mfano wa mtu aliyeopolewa majini. Karatasi zilikuwa zimekufa zote.

Fundi wa rangi asingeweza kufanya kosa hilo, kwa kuwa hana taa nyekundu. Fundi wa nyeusi-nyeupe naye akifanya hivyo, kwake ni kazi nzuri. Lilikuwa kosa la mtu mmoja mwenye kazi mbili.

Mbodze alikwenda kwa Joab. Joab akauliza Nairobi kwa simu, akaambiwa boksi jingine haliwezi kufika kabla ya Jumatatu, na Thuweba anaondoka Jumamosi. Hapo Joab, ambaye hakuna aliyewahi kumshuku kwa ubaya, alisema jambo alilodhani ni msaada. Alisema alete filamu, mashine itamaliza kazi kabla ya chakula cha mchana.

"Mashine haina macho, Dada," alimwambia. "Na mimi nitatazama ukutani."

"Na rangi utaijuaje imekaa?"

"Nitachungulia kidogo."

Wakacheka wote wawili, na Mbodze akarudi zake na filamu yake mfukoni. Anakiri kwamba njia nzima alikuwa akijisemesha: nani angejua? Duka lilikuwa pale pale na bahasha hazisemi. "Lakini mimi ningejua," anasema, "na ningeingia nyumba ile tena, Bi Shekue anishike mkono, anikaribishe. Nisingeweza kuula wali wake."

Siku hiyo hiyo, kwa kuwa mikono haikutaka kukaa bure, alichukua filamu ya rangi akaitia katika mashine ya kukuzia na kuchapa juu ya karatasi zake za zamani za nyeusi-nyeupe. Alichagua zile kali, ambazo hutenga sana weusi na weupe. Alitaraji ukungu, maana Mzee Gunga aliwahi kumwambia filamu ya rangi haisemi vizuri na karatasi hiyo. Akazidisha mwanga, akangoja, akatumbukiza karatasi katika dawa.

Kilichoanza kujitokeza ni mikono ya Thuweba. Karatasi ile haitambui wekundu: kila kilicho chekundu hukigeuza cheusi. Hina, iliyokuwa nyekundu iliyoiva, ilitoka nyeusi kama wino juu ya ngozi angavu, kila ua na kila jani, hadi mistari myembamba ya vidoleni ambayo ukumbini hakuna aliyeiona.

"Nilikaa juu ya ndoo," anasema Mbodze. "Nikasema, Bwana, hii sikuiomba."

Alichapa filamu nzima namna hiyo. Alhamisi akajitanda leso, akaenda Kuze.

Alibisha hodi, akaamkia, akaketi. Bahasha hakuitoa kwanza. Alimweleza Bi Shekue kwamba rangi ameiharibu mwenyewe, kwa mkono wake, na karatasi nyingine haifiki kabla ya safari. Alizonazo si zile alizoagizwa. Thuweba, aliyekuwa akikunja nguo kwenye sanduku, aliacha kukunja.

Bi Shekue aliuliza swali moja tu. "Nani ameziona?"

"Mimi na Mungu."

"Basi lete," akasema Bi Shekue.

Picha ya mikono ilikuwa ya kwanza. Bi Shekue aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaagiza dirisha lifunguliwe. Akaagiza tena aitwe mchora hina, anayekaa nyumba ya tatu. Mchora hina alikuja na unga mikononi, akaitazama kazi yake kwa muda mrefu, kisha akashika kinywa. Kwenye kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kulikuwa na jani moja alilosahau kulijaza.

Wanawake wakamwandama. Mmoja akasema arudishe sehemu ya ujira wake. Mwingine akasema hapana, jani lile liliachwa kwa ajili ya mtoto wa kwanza. Katika vicheko hivyo Thuweba aliinuka sandukuni, akaichukua picha kwa ncha za vidole.

"Mikono hii ni yangu?" akauliza.

Alizitazama zote, moja baada ya nyingine, amesimama. Kisha akasema hizo atazibeba ndegeni mwenyewe, sandukuni haziingii. Za rangi zimfuate.

Boksi jipya lilifika Jumatatu kama lilivyosemwa. Safari hii Mbodze aliling'oa globu akaenda nalo nyumbani Mbaraki, akalifunga katika kitambaa na kulificha chini ya mchele. Picha za rangi zilitoka, na nyuso zilikuwa nyuso. Shangazi yake Thuweba, aliyekuwa na safari ya Maskati mwezi huo, akaombwa kuzipeleka.

Kabla hajaondoka, wanawake wa nyumba ile walizipanga aina zote mbili mkekani, maana Mbodze alikuwa amechapa nyingine nyeusi-nyeupe kwa ajili yao. Ukumbi ukagawanyika pande mbili. Wadogo walishika rangi: dhahabu, asumini, leso. Wakubwa walisitasita.

"Ya rangi nikiitazama naikumbuka harusi," alisema Bi Shekue. "Hii nyingine nikiitazama namwona Thuweba."

Mjukuu mmoja akamjibu kwamba ni macho yake Nyanya yaliyochoka, hayaioni nyekundu. Bi Shekue akamwambia aolewe kwanza ndipo azungumze na wakubwa. Msichana huyo kumbe anaolewa baada ya Ramadhani, na Mbodze ameshaagizwa: rangi na nyeusi-nyeupe, zote. Na kwa kuwa habari ya ada ya Joab imefika Kuze, ameambiwa hapa chapati atapikiwa yeye.

Wapo wawili ambao hawajaridhika. Joab analalamika kwamba ndiye mwalimu pekee Mombasa ambaye hataona kamwe mtihani wa mwanafunzi wake. Na Mzee Gunga, aliyepelekewa Rabai picha ya rangi ya wajukuu zake iliyosafishwa na Mbodze, aliitazama akasema pilipili yake si kali sana. Hajairudisha.

Je, mtu mmoja anaweza kuzimudu kazi zote mbili? Mbodze aliulizwa hivyo chumbani kwake wiki iliyopita, akiwa anakausha picha za kitambulisho. Alizibana picha zake kwenye kamba hadi ya mwisho.

"Macho yanaweza," alisema. "Yangu yalikuwa yameshajua zote, siku ile sikuharibu kwa macho. Mkono ndio wenye mazoea."

Kwa hiyo ana mpango. Mwenye duka la leso ana ghala dogo kando ya chumba chake, alimokuwa akiweka majora ya vitambaa, na mwezi ujao linakuwa wazi. Wamekwisha kuelewana kodi. Hapo atahamishia rangi, na chumba cha zamani kibaki cha nyeusi-nyeupe. Anataka pia kumfundisha kazi mwanamke mmoja au wawili, ili siku akiugua, neno alilompa Bi Shekue na wenzake lisikose wa kulishika.

Fundi wa umeme alikuja juzi kupima ukuta. Alimuuliza Mama Picha swichi ya taa anaitaka upande gani wa mlango, akaambiwa hakuna swichi, hakuna taa, umeme ni wa mashine tu. Fundi akasema hajawahi kuona chumba cha namna hiyo, mtu atapapasa ukuta bure.

"Ndivyo ninavyotaka," Mbodze alimwambia. "Mkono uende, upapase, ukose. Ukirudi utakuwa umeshakumbuka uko chumba gani."